Winga, mali kauli na faili lisilo na jina

Ukiingia Mtaa wa Aggrey pale Kariakoo, hutembei hatua nyingi kabla hujaulizwa unatafuta nini. Kijana anayekuuliza amesimama mbele ya duka, lakini duka si lake. Mwambie unataka kioo cha simu ya aina fulani. Atakukalisha kwenye kigoda, atakuambia subiri dakika mbili, kisha atapotelea kwenye korido. Ukimfuatilia kwa macho utamwona anamuuliza mwenzake, na yule naye anamuuliza wa ghorofa ya pili. Baada ya muda kioo kinarudi kikipita mikono ileile, kila mkono ukiwa umeongeza cha juu chake. Unalipa, unaondoka. Hujui kioo kilitoka stoo ya nani, na mwenye stoo hajui kimekwenda kwa mama wa Kilosa au kwa fundi wa Namtumbo.

Huyo ndiye winga, na kila aliyewahi kufuata mzigo Kariakoo anamjua. Tumeanza naye kwa sababu kuna swali ambalo wasikilizaji wamekuwa wakitutumia kwa maneno tofauti tangu mwishoni mwa mwaka 2025: hizi programu zinazosemekana zinagawana mafaili kati ya watu bila jina na bila ofisi, zinafanyaje kazi? Kama hakuna ofisi, anayejua faili liko wapi ni nani? Orodha yake anaishika nani?

Sababu ya swali hilo kuja sasa tunaijua wote. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, intaneti ilikatika nchi nzima. Ilianza kurejea tarehe 3 Novemba. Kwa siku hizo kati, wengi wetu huku mikoani tulikuwa na simu za kupigia na redio tu. Picha, video na sauti zilizokwishaingia kwenye simu ziliweza kusogea kwa njia moja: simu kukaa karibu na simu, kwa Bluetooth au kwa programu kama Xender, au memori kadi kutoka mkono hadi mkono. Kabla ya hapo, Mei mwaka huohuo, mtandao wa X ulikuwa umefungwa, na Septemba leseni ya JamiiForums ikasimamishwa kwa siku 90. Mtu akiona milango mitatu imefungwa ndani ya mwaka mmoja, ni kawaida aulize kama kuna nyumba isiyo na mlango wa mbele.

Nyumba hiyo ipo, na imekuwapo kwa zaidi ya miaka 25. Ila ina taabu zake, na taabu kubwa kuliko zote haiko kwenye kuficha watu. Iko kwenye daftari.

Tuanze na pale ambapo daftari lilikuwa moja. Mwaka 1999 vijana wa Marekani walianzisha Napster. Nyimbo zilikaa kwenye kompyuta za watu majumbani, kila mtu na zake. Lakini orodha ya nani ana wimbo gani ilikaa kwenye kompyuta kubwa za kampuni, yaani seva. Ukitafuta wimbo unaiuliza seva, seva inakuelekeza kwa mtu mwenye nao, mnapeana wenyewe. Kampuni za muziki hazikuhangaika na mamilioni ya watumiaji. Zilikwenda mahakamani kwa mwenye daftari, na Julai 2001 Napster ikazimwa. Nyimbo zote zilikuwa bado zipo kwenye kompyuta za watu, hakuna hata moja iliyofutwa. Lakini bila daftari hakuna aliyejua pa kuzipata.

Hapa nyumbani tunao mfano wetu, ingawa haukuwa wa nyimbo. Desemba 2016 Maxence Melo, mwanzilishi wa JamiiForums, alikamatwa baada ya kukataa kuwapa polisi taarifa za watu walioandika kwenye jukwaa lake kwa majina ya bandia. Kesi zikaendelea kwa miaka. Aprili 2020, Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu, ambayo ukitoka Kariakoo unavuka Mnazi Mmoja tu umefika, ilimtia hatiani kwa kuzuia uchunguzi na kumtoza faini ya shilingi milioni 3 au kifungo cha mwaka mmoja. Msomaji anaweza kuwa na maoni yake juu ya hukumu ile. Sisi tunachotaka kionekane ni kwamba waandishi wote wale waliokuwa wamejificha walikuwa nyuma ya mgongo wa mtu mmoja. Angefungua mdomo, wangejulikana. Usiri wao haukuwa kwenye mashine, ulikuwa kwenye moyo wa mwenye seva.

Sasa, mwaka huohuo wa 1999 ambao Napster ilianza, kijana wa Ireland aitwaye Ian Clarke alikuwa anamaliza masomo Chuo Kikuu cha Edinburgh. Andiko lake la chuo lilipendekeza mtandao usio na seva kabisa. Machi 2000 programu yake ilitoka, ikaitwa Freenet. Mwaka 2023 ile ya awali ilibadilishwa jina ikawa Hyphanet, na ndilo jina utakalolikuta leo.

Namna inavyofanya kazi ni ya winga kabisa. Kila aliyeiweka kwenye kompyuta yake anatoa sehemu ya nafasi, tuseme stoo ndogo. Ukitaka faili, kompyuta yako haiulizi ofisi yoyote. Inamuuliza jirani. Jirani akiwa hana anamuuliza jirani yake, naye wa mbele yake, mpaka lipatikane au idadi ya mikono iliyowekwa iishe. Likipatikana linarudi kwa njia ileile lilikoulizwa. Kila mmoja njiani anamjua aliyemuuliza na aliyemuuliza yeye, basi. Na aliyekuuliza huwezi kujua kama analitaka mwenyewe au naye ametumwa tu.

Kuna jambo moja zaidi ambalo wafanyabiashara wa Kariakoo wataling'amua haraka. Winga akiona kioo cha aina ileile kimeulizwa mara tano kwa siku moja, ya sita hazunguki tena, anakiweka karibu. Freenet nayo hivyohivyo: faili likipita kwako, nakala inabaki. Kinachoulizwa sana kinajizalisha. Kisichoulizwa, stoo zikijaa, kinaondolewa kupisha kingine. Watu wengi husikia kwamba humu kitu hakifutiki milele, na hilo ni nusu ya kweli. Hakuna mtu anayeweza kuamuru kifutwe, hilo ni kweli. Lakini kaseti ya taarabu ya marehemu bibi ambayo hakuna anayeiulizia inaweza kupotea yenyewe kimyakimya, wakati video ya aibu ya binti wa watu, kwa kuwa inaulizwa kila saa, ikaendelea kuwapo.

Unachokihifadhi hukijui pia. Faili hukatwa vipande vidogo, kila kimoja cha kilobaiti 32, na kila kipande hufungwa kwa namna ambayo mwenye stoo hawezi kukisoma bila ufunguo. Ni kama kuwekewa maboksi yaliyofungwa kwa gundi dukani kwako. Wengine wanaona hiyo ni kinga: sijui kilichomo, kwa hiyo siwezi kulaumiwa. Sisi tungekuwa wazito kutegemea hoja hiyo mbele ya hakimu.

Lakini winga anakumbuka. Anajua kwamba vioo viko korido ile na chaji ziko jengo lile. Kompyuta inajuaje imuulize jirani yupi? Hapa ndipo daftari la pamoja linapoingia, na kwa kweli ni werevu mkubwa.

Kila kipande kinafanyiwa hesabu inayotoa alama, mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu. Ifikirie kama alama ya kidole tunayoweka kusajili laini. Hesabu hiyo ikirudiwa juu ya kipande kilekile inatoa alama ileile, iwe Dar es Salaam au Dodoma. Ukibadilisha hata nukta moja, alama inakuwa nyingine kabisa. Kisha kila kompyuta kwenye mtandao inapewa eneo lake la namba, na alama za jirani na namba hiyo zinaelekezwa kwake. Kwa hiyo daftari halikai mahali pamoja. Limechanwa kurasa, kila mtu ana ukurasa mmoja au miwili, na namba yenyewe ya kitu inakuambia uelekee upande gani. Ukiichukua kompyuta moja umechukua ukurasa mmoja. Mitandao mingine mingi ilikuja kutumia wazo la jamii hiyo, ikiwemo torrenti, ambazo ndizo zinazoleta sehemu kubwa ya filamu mnazowekewa kwenye flashi pale mjini. Tuseme tu hapohapo kwamba torrenti za kawaida hazifichi mtu; unayepakua naye anaiona anwani ya mtandao wako waziwazi.

Alama hiyo ina faida ya pili. Ukiwa nayo tangu mwanzo, faili likifika unapiga hesabu upya. Zikilingana, umepata kilekile. Hakuna aliyetia mkono njiani, hata kama limepita mikono 20 ya watu usiowajua. Ukinunua kioo Kariakoo huna kipimo kama hicho.

Hapo utaona kuna shimo. Alama inanipatia faili nikiwa tayari naijua alama. Naijuaje? Kitu kipya kilichowekwa leo, habari ya leo, jibu la mtu kwa swali langu, vyote hivyo alama zake hazikuwapo jana. Inatakiwa sehemu ambayo watu wengi wanaweza kuandika na wengi kusoma, orodha inayobadilika kila siku, bila mwenyewe, na bila kujua nani ameandika nini. Kugawana faili ni rahisi. Kugawana orodha ni kazi.

Jaribio la kwanza lilikuwa kama ubao wa chaki mtaani. Kwenye Freenet kulikuwa na programu iliyoitwa Frost. Watu walikubaliana jina la mahali, tarehe na namba: ujumbe wa kwanza wa leo unakaa hapa, wa pili hapa, wa tatu hapa. Anayetaka kusoma anapita nafasi hizo moja moja. Anayetaka kuandika anaandika kwenye nafasi tupu inayofuata. Haihitaji ruhusa ya mtu, na ilipendwa. Kisha wakatokea watu, mpaka leo hatujui ni nani kwa sababu ndivyo mtandao ulivyojengwa, wakawa wanajaza nafasi zote kwa takataka. Programu ya msomaji inapita nafasi moja hadi mia na kukuta uchafu mtupu. Hakuna wa kumfungia, kwa kuwa hana jina. Hakuna wa kufuta, kwa kuwa hakuna mwenyewe. Ubao uliokuwa wa wote ukawa hausomeki na yeyote.

Wale wanaosikiliza kipindi chetu cha salamu watakumbuka kwamba tuliacha kupokea ujumbe mfupi moja kwa moja hewani. Sababu ilikuwa hiyohiyo kwa udogo wake. Sisi tulikuwa na namba ya mtumaji, na bado tulishindwa.

Suluhisho lililofuata lilibadilisha mpango mzima. Badala ya ubao mmoja, kila mtu akapewa daftari lake. Daftari hilo lina funguo mbili: mmoja anao mwandishi peke yake, ndio unaotia sahihi, wa pili anaweza kuwa nao yeyote, na kazi yake ni kuhakiki tu kwamba sahihi ni ya yuleyule. Jina halisi halimo. Unachojua ni kwamba aliyeandika leo ndiye aliyeandika mwezi jana. Kisha "ubao wa pamoja" unajengwa kwenye kompyuta ya msomaji mwenyewe: inakwenda kuchukua daftari la huyu na la yule, inayapanga kwa tarehe, inakuonyesha kama mazungumzo. Mwenye takataka anaweza kuandika takataka mpaka alfajiri, lakini yumo kwenye daftari lake mwenyewe. Ukiacha kulichukua, hayupo.

Na utachukua madaftari ya nani? Hapa turudi Kariakoo, kwenye mali kauli. Mfanyabiashara wa Songea anayechukua mzigo bila kulipa hajapewa kwa sababu ya kitambulisho. Amepewa kwa sababu mara saba zilizopita alirudisha hela, au kwa sababu mtu ambaye mwenye duka anamwamini amesema huyu ni mtu wangu. Programu iliyokuja kuchukua nafasi ya Frost, kwa kifupi FMS, inafanya hivyo kwa tarakimu. Kila mmoja anatangaza anamwamini nani kwa kiasi gani, na anaamini kiasi gani maoni ya huyo juu ya wengine. Mgeni asiye na wa kumsemea anatatua fumbo dogo la picha ambalo mashine hailiwezi kirahisi, ili aonekane kwa mara ya kwanza. Baada ya hapo ni tabia yake.

Kasoro ya mfumo huu nayo ni ya Kariakoo. Wakongwe wananukuliwa na wakongwe. Mgeni mwenye habari ya kweli na ya haraka anachelewa kusikika kuliko mkongwe mwenye porojo. Na wakongwe wakiamua kumchafua mtu, amechafuka. Hatujaona mfumo wa kuaminiana, wa mashine au wa binadamu, uliokwepa jambo hili.

Kwa nini mkulima wa mpunga asome haya yote? Tuchukue Juni 2024. Kabla ya maduka ya Kariakoo kufungwa tarehe 24 mwezi ule, wafanyabiashara wakilalamikia kodi na kamatakamata ya maofisa wa mapato, vipeperushi vya kuitisha mgomo vilikuwa vimesambaa kwenye simu. Mgomo ulitokea kweli, ukaenea hadi mikoa mingine. Lakini fikiria wewe uko na tani mbili za maharage kwenye lori, na kipeperushi kama kile kimekufikia kwenye WhatsApp usiku. Usafirishe au usisafirishe? Kipeperushi hakina sahihi inayoweza kuhakikiwa. Mtu yeyote mwenye simu anaweza kukitengeneza upya na tarehe nyingine, akakushusha bei mzigo wako kijijini kwa kisingizio kwamba soko limefungwa. Aliyekiandika anaweza kuwa na sababu nzuri ya kuficha jina, kwa kuwa kuongoza mgomo kuna gharama. Wewe huhitaji jina lake. Unahitaji kujua kama ndiye yuleyule aliyesema kweli Mei 2023, mgomo ule mwingine. Daftari lenye sahihi bila jina lingekupa hilo. Picha iliyosambazwa haikupi.

Hilo ndilo tunaloliona la thamani katika kazi hii yote ya miaka 25, na tunaona limefunikwa na gumzo la kujificha. Kujificha kwenyewe kuna mipaka ambayo wauza programu hawaisemi. Huko Marekani polisi wamewafikisha mahakamani watumiaji wa Freenet waliokuwa wakitafuta picha za unyanyasaji wa watoto, kwa kujiunga kwenye mtandao kama majirani na kupiga hesabu ya maombi yanayopita. Kwa waovu hao hatuna huruma. Ila hesabu inayomnasa mwovu haimchagui, na kuwapo kwa picha hizo ni gharama ya mtandao usio na wa kufuta. Mtu asiikwepe anapousifia.

Kwetu kuna ya ziada. Laini yako imesajiliwa kwa alama ya kidole, zoezi lililofungwa Januari 20, 2020. Programu inaweza kuficha unachosoma, lakini kampuni ya simu bado inaona kwamba laini ya jina lako inatuma na kupokea. Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilitangaza kwamba wanaotumia VPN watoe taarifa na kusajili matumizi hayo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inahusu anayesambaza taarifa za uongo hata kama hakuziandika yeye. Intaneti iliporejea Novemba, Jeshi la Polisi lilionya juu ya kusambaza picha na video zinazoleta taharuki au kudhalilisha utu. Simu ikikamatwa, kilichomo kimo; mikono mingapi ilipitia haitakuwa swali la kwanza utakaloulizwa.

Tena Hyphanet ni ya kompyuta inayokaa imewashwa, na inakula bando. Mwenye simu ya laki moja na nusu na umeme wa sola hiyo si programu yake. Iliyo karibu zaidi naye ni Briar, ya simu za Android, iliyotoka rasmi mwaka 2018. Haina seva. Wenye nayo wakiwa karibu, inapeana ujumbe kwa Bluetooth au waifai hata intaneti ikiwa imezimwa, na majukwaa yake yamejengwa kwa wazo lilelile: kila ujumbe una sahihi ya mwandishi, na kila simu inabeba nakala yake ya mazungumzo. Akitoka mtu Mang'ula kwenda Ifakara na simu mfukoni, mazungumzo yamesafiri naye. Lakini lazima wote wawili wawe wameiweka kabla ya siku ya kukatika. Siku yenyewe hakuna pa kuipakua, isipokuwa mwenzako akurushie faili lake simu kwa simu, na hapo ndipo utakapotamani ungekuwa na ile alama ya kuhakiki kwamba alichokurushia ndicho.

Wanaoweka nyimbo na filamu kwenye memori kadi pale Aggrey na vibanda vya stendi zetu tayari ni stoo za mtandao wa namna hiyo. Nakala nyingi, mikono mingi, hakuna seva. Wasichonacho ni orodha yenye sahihi. Ukienda kuongezewa mafaili leo, hakuna anayeweza kukuambia lipi lilitengenezwa na nani, lini, na limebadilishwa mara ngapi njiani.

Redio, kwa bahati, haimjui anayesikiliza. Mnara unarusha tu. Lakini anayesema mnamjua sauti, na mkitusikia tumekosea mnapiga simu siku hiyohiyo. Namba ni ileile ya kila siku, na wiki ijayo tutawapokea hewani wenye maswali juu ya makala haya.